Mke Wangu Alipokaa Kiti cha Tano

Saa nane na robo mchana, Jumapili. Mlango wa chumba cha karata ulifunguliwa, mke wangu akaingia.

Hakupiga hodi. Hakuangaza macho kama mgeni. Alikwenda moja kwa moja hadi kiti cha tano, akaketi, akausukuma mkoba wake chini ya meza kwa mguu.

"Dada Vifungo, leo umechelewa," alimwambia Dereva, mmoja wa wenzangu watatu wa mezani.

Leo...

Neno hilo lilinishtua kuliko kumwona yeye.

Mnaosoma hapa, nieleweni kwanza. Mimi sijawahi kumfundisha mke wangu karata. Nyumbani kwetu hakuna hata pakiti moja. Na nilipoondoka mchana ule, nilimwacha kwenye kiduka chake cha nyuzi na vifungo, ameinamia cherehani, anapinda mashuka ya hospitali.

"Mnajuana?" Dereva aliuliza, akinitazama mimi, kisha yeye.

"Ni mume wangu," alijibu, huku akichambua vifungo vyake vya kuchezea.

Dereva alikohoa. "Basi leo hatuchezi. Leo tuko baraza la usuluhishi."



Nilimgeukia Mgawaji, mzee mstaafu mwenye chumba. "Mzee, ulijua?"

"Mimi nagawa karata," alisema. "Ndoa za watu sigawi."

Sasa niwape mambo kama yalivyo.

Mimi ni mpiga picha za eksirei. Ndiyo maana mezani wananiita Picha. Nilianza poka, kamari ya karata, ile ya kupewa karata mbili mkononi, kwa fedha kidogo, na tangu mwanzo nilijiwekea utaratibu. Fedha ya mchezo ni ya mchezo, ya nyumba ni ya nyumba. Siketi mezani na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mtaji wangu. Nikipoteza hiyo, nanyanyuka. Mtaji wenyewe ulikaa kwa Mgawaji, kwenye sanduku la chuma.

Mke wangu aliuchukia mchezo huo kuliko kitu chochote, na alikuwa na sababu. Baba yake alikuwa mcheza kamari. Aliuza samani, kisha akapanda juu akang'oa mabati ya paa akayauza pia, mke na watoto wake wakiwa wamelala chini yake.

Kwa hiyo tulipelekana kwa mama mkwe. Mbele yake nikatoa neno langu: nitacheza na mtaji uliopo tu. Ukiisha, nimeacha, na chumba kile sitakanyaga tena.

Mama mkwe aliridhika. Mke wangu aliridhika. Walihesabu kwamba ndani ya mwezi mambo yatakuwa yamekwisha.

Hayakwisha. Mtaji ulikua. Polepole, lakini ulikua. Utaratibu wangu ulikuwa mzuri, na neno langu likawa halina mwisho. Kila Jumapili mke wangu alibaki na watoto na cherehani, akisubiri nishindwe.

Kisha meza ikabadilika. Wenzangu walichoka na karata mbili, wakahamia poka ya karata nne. Nikawa mwanafunzi tena.

Mchezo wenyewe ni huu. Unapewa karata nne, siri yako. Karata tano hufunuliwa katikati, za wote. Mkono wako ni karata tano, mbili kutoka kwako na tatu kutoka mezani. Lazima ziwe mbili. Si moja, si tatu. Katika mchezo wa zamani ningeweza kutumia karata yangu moja tu na nne za mezani, na ikakubalika.

Kanuni hiyo niliijua. Ungeniamsha usingizini ningekutajia.

"Umejifunza wapi?" nilimuuliza mke wangu.

"Hapa hapa. Asubuhi, wewe ukiwa kazini."

"Nani alikuleta?"

Aliinua kifungo kimoja cheusi cha koti. Tulikuwa tukichezea vifungo badala ya fedha, kila rangi na thamani yake. "Mzee alikuja kununua hivi dukani kwangu. Mfuko mzima. Nikamuuliza, unashona nini, mzee? Akaniambia."

"Na hela ya kuchezea?"

"Ya mashuka. Nilianza na kidogo, kama wewe. Sasa si kidogo."

Alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayesoma kipimo cha kitambaa.

"Unataka nini, mama watoto?"

"Leta mtaji wote mezani. Ukinimaliza, sitakuuliza tena Jumapili uko wapi. Nikikumaliza, neno lako kwa mama lipo."

"Picha, hapo usiingie," Dereva alisema. "Mimi na gari langu nikiona kona kama hiyo napunguza mwendo."

Sikupunguza. Niliwaza hivi: mimi nina uzoefu, yeye ana miezi. Nikamwambia Mgawaji afungue sanduku.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa utaratibu wangu. Sikuuona ukipita.

Kwa saa nzima mke wangu alicheza kidogo sana. Alitupa karata, akasubiri. Alitupa tena, akasubiri. Dereva alimtania, "Dada, karata hazishonwi," naye akatabasamu tu, akatupa tena.

Kisha mezani zikafunuliwa kopa nne, zile karata za moyo mwekundu, na karata moja ya aina nyingine.

Mkononi nilikuwa na kopa moja, kubwa kuliko zote. Kopa tano, karata zote za aina moja, ni mkono mzito, na mwenye kubwa yao ndiye mshindi. Nikahesabu: nne na moja. Tano.

Mke wangu alisukuma vifungo vyake vyote katikati.

"Nakufuata," nikasema. Nikasukuma vyangu vyote. Nikafunua. "Kopa tano."



"Picha," Dereva alisema taratibu, "hesabu tena, ndugu yangu."

"Ya pili iko wapi?" mke wangu akauliza.

"Ya pili gani?"

"Kopa ya pili. Ya mkononi mwako."

Haikuwepo. Mbili kutoka kwako, lazima. Nilikuwa na moja. Mkono niliokuwa nikiuona haukuwepo duniani.

Kazini tunafundishwa kwamba jicho lililochoka huona kile lilichozoea kuona. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wanafunzi maneno hayo.

Mke wangu alilaza kopa zake mbili. Ndogo ndogo, za hovyo. Lakini zilikuwa mbili.

"Mzee aliniambia wanaotoka kwenye karata mbili huanguka hapo," alisema. "Mimi sikuwa na mchezo wa zamani wa kuusahau. Nilikuwa nasubiri meza ije hivyo tu."

Mgawaji alivuta vifungo vyote, akamsukumia mke wangu. Mtaji wangu wa miaka ulihamia upande wa pili wa meza kwa mkono mmoja.

Nitawaambia ukweli, sikukasirika. Nilihisi mzigo umeshuka. Alikuwa amejifunza mchezo anaouchukia ili anirudishe nyumbani. Nikasimama, nikachukua koti.

"Umeshinda," nikamwambia. "Nimeacha. Twende tukawachukue watoto. Umewaacha kwa mama, sivyo?"

Hakusimama.

Alikuwa anapanga vifungo, vyeusi na vyeusi, vyekundu na vyekundu. Wanaume watano wazima walikuwa wakimsubiri amalize. Mke wangu anashona mashuka. Ni kazi ambayo watu huiona ikichanika tu. Sidhani kama aliwahi kusubiriwa hivyo.

"Tangulia," akasema.

"Tangulia vipi? Si tumemaliza?"

"Wewe ndiye umemaliza. Mimi sikumwahidi mtu."

"Mama watoto..."

"Mzunguko mmoja tu, baba. Nakuja."

Mgawaji akamuuliza, "Dada Vifungo, umo?"

"Nimo."

Nilitoka. Nilisimama barabarani, kwenye kivuli cha karakana ya matairi, nikitazama mlango. Mafundi walifunga karakana, wakaniaga, wakaondoka. Niliendelea kusimama. Kuingia nisingeweza, nilikuwa nimetoa neno.

Mnaotaka somo, ni hili. Niliweka kikomo cha mtu mmoja, nikadhani nimeweka kikomo cha nyumba. Na ukimfundisha mtu kwamba fedha ikitengwa kwa utaratibu si kamari, usishangae akikuamini.

Jua lilikuwa linazama mlango ulipofunguliwa. Mke wangu alitoka peke yake. Mkoba hakuwa nao.

"Vimeisha?" nikamuuliza.

"Nauli unayo?"

"Ninayo ya watu wawili."

"Nipe."

"Twende basi, giza linaingia."

"Nipe, baba. Nimewaambia wasigawe bila mimi."

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa.

Nilimpa.

Akaihesabu, akageuka, akaingia ndani na kufunga mlango.