Kicheko Kifuani mwa Goswin

Njuga za kofia ya Goswin zililia akiwa ametulia tuli, anakunywa supu. Mkewe, Aleydis, akainua macho.

"Umezitikisa wewe?"

"Sijazigusa." Goswin aliweka kijiko chini. "Tangu jana zinalia zenyewe. Na kuna mtu anacheka humu kifuani, Aleydis. Si mimi."

Goswin alikuwa chale katika ngome ya bwana mmoja huko Brabant. Kazi yake ilikuwa kuanguka, kubweka, na kumtukana bwana mbele ya wageni. Ndiyo maana jini lilipompanda hakuna aliyejua ila mkewe. Alianza kunuka kama nywele zilizoungua. Usingizini alisaga meno, akaongea kwa sauti nzito isiyo yake.

Aleydis alikimbilia kwa Padri Lambrecht.

"Padri, mume wangu kapandwa na pepo. Njoo umwombee."

"Yule aliyeniigiza nikihubiri, kajifunga mto tumboni? Mwambie safari hii haniwezi."

"Nakupigia magoti, Padri. Hachezi!"

"Chale asiyecheza?" Padri akafunga mlango.

Ikafika karamu ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mchana, ukumbi umejaa, Goswin akadondoka juu ya meza.

"Nisaidieni! Linanila! Jamani, nitoleeni!"

Watu wakaangua kicheko. Bwana akapiga meza kwa furaha, mwingine akarusha mfupa, na kadiri walivyocheka ndivyo shingo ya Goswin ilivyozidi kuvimba, mishipa ikamtoka, ile harufu ikatanda mpaka mbwa wakakimbilia nje wakilia, naye Aleydis akawa anamshika huyu mkono, anamvuta yule nguo, akisihi, "Msicheke, mnalilisha, nawaomba msicheke," nao wakazidi kucheka wakidhani mke naye kaingizwa mchezoni.

Mara kinywani mwa Goswin ikatoka sauti ya mtoto.

"Mama, huku chini kuna baridi."

Kicheko kikakatika. Ilikuwa sauti ya Wouter, mtoto wa bwana, aliyezikwa wakati wa mavuno. Padri akainuka, uso umempauka, msalaba mkononi.

"Toka! Kwa jina la Mungu, mwache mtu huyu!"

"Nikitoka nitakwenda wapi?" sauti ikanong'ona. "Mama, nipokee."

Bibi Heilwich, mama wa marehemu, alikuwa amekwisha kunyoosha mikono. "Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama."

"Usiliite, bibi!" Padri akapiga ukelele.

Goswin akalegea kama nguo iliyoloa. Akafumbua macho, akalia kilio chake mwenyewe. Bibi Heilwich akaketi polepole.

"Limeondoka," alisema, akitabasamu. "Endeleeni kula."

Watu wakashusha pumzi. Padri akabusu msalaba wake. Aleydis peke yake ndiye aliyekuwa karibu vya kutosha kuona vidole vya bibi vikichimba ubao wa meza, kucha zikibanduka moja moja, na uso ule ukiendelea kutabasamu.

Midomo ya bibi ikacheza bila sauti. *Nisaidie.*

Aleydis alimtazama padri. Akamtazama mumewe, aliyemwegemea.

"Twende, mume wangu," alinong'ona. "Usigeuke nyuma."

Akamshika kwapani, akamtoa nje, na hakumwambia mtu.