Rafu Zilizopangwa kwa Rangi

Kengele ya mapumziko ikilia, wenzake walikimbilia uwanjani, naye Chapchap alikimbilia maktaba. Jina hilo alipewa kwa sababu kila kitu alikifanya upesi. Alikula chapchap, alifua chapchap, na kuoga ndiyo usiseme. Shangazi yake alidai kwamba maji yalikuwa hayajamgusa vizuri naye ameshajifuta. Jioni alimsaidia shangazi huyo kwenye duka lake la vitambaa, na huko upesi wake ulikuwa na faida. Vyekundu huku, vya buluu kule, vya njano katikati, na mteja akiingia anasimama mlangoni kutazama.

Maktaba ya shule ilikuwa darasa la zamani lenye rafu za mbao kuzunguka kuta. Mwalimu aliyeisimamia watoto walimwita Bwana Kimya, maana alizungumza kwa sauti ya chini hadi ukalazimika kunyamaza ili umsikie. Kila kitabu alikibandika namba mgongoni, na kila mtoto wa darasa la pili alimpa kibao chembamba chenye jina lake. Ukitoa kitabu kwenye rafu, unachomeka kibao chako palepale kitabu kilipokuwa. Ukimaliza kusoma, unatafuta kibao chako, unasoma namba za vitabu vya kushoto na kulia, unarudisha kitabu chako katikati. Basi, hakuna zaidi.

Siku moja Bwana Kimya alimwita Chapchap, ambaye alikuwa darasa la sita na msaidizi wake.

"Binti yangu, nakwenda kutibiwa jicho. Juma hili utawafundisha wadogo zako wa darasa la pili. Vibao na namba tu. Wakikosea, rudia nao. Usiwafanyie."

"Sawa, mwalimu. Nitawafundisha chapchap."

"Hapana," alisema mwalimu. "Polepole."

Lo, kumbe polepole ni kazi. Mtoto mmoja alisahau kibao mfukoni. Mwingine alikichomeka, kisha akasahau ni rafu ipi, akaanza kulia. Watatu walibishana kama sitini na saba inatangulia sabini na sita. Kufikia Alhamisi Chapchap alikuwa ameishiwa uvumilivu kabisa. Alitazama zile rafu, vitabu vyekundu vimechanganyika na vya kijani, akakumbuka duka la shangazi.

"Haya, acheni namba," alisema. "Leo tunapanga kwa rangi."

Watoto walifurahi, ila mmoja. Huyo alikuwa msichana mdogo aliyeng'oka meno yote ya mbele, wenzake wakamwita Kibogoyo, naye mwenyewe akaitika bila kununa.

"Dada, lakini Bwana Kimya alisema tusome namba."

"Bwana Kimya yuko hapa? Anayefundisha ni mimi. Beba vyekundu upeleke kule."

Kibogoyo alibeba vyekundu. Vibao vyote vilitupwa kwenye ndoo nyuma ya mlango. Kabla mapumziko hayajaisha chumba kilikuwa kimependeza kweli, na mwalimu mkuu alipochungulia alisema, "Hongera, msaidizi." Chapchap akavimba kichwa siku nzima.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi kuwasikiliza watoto wa darasa la pili wakisoma. Baba yake Kibogoyo alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra. Safari hii alikuwa amembembeleza bosi wake amruhusu achelewe kuondoka, ili amsikie binti yake. Na binti alikuwa amejiandaa kwa kitabu kimoja tu, chembamba, cha kuku aliyekataa kulalia mayai. Kila siku alikuwa akikisoma na kukirudisha mahali pake, hata angeweza kukifuata huku amefumba macho.

Asubuhi hiyo alikimbilia maktaba kukichukua. Mahali pake palikuwa na vitabu vinene vya buluu.

"Dada, kitabu changu kiko wapi?"

"Kina rangi gani?" aliuliza Chapchap.

"Juu njano, chini kijani. Mgongo mweupe."

Walitafuta kwenye njano, wakatafuta kwenye kijani, wakahamia kwenye nyeupe. Kitabu chembamba kikibanwa kati ya vinene hakionekani hata ukitoa macho. Vitabu vingekuwa vimepangwa kwa namba wangekwenda moja kwa moja, lakini sasa namba hazikuwa na maana yoyote. Mwalimu wa darasa alikuja kumchukua mtoto akiwa bado amepiga magoti sakafuni.

Alipewa kitabu kingine. Chapchap alisimama dirishani kwa nje, akaona yote. Kibogoyo alifungua ukurasa wa kwanza asioujua, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, asiweze kulisoma. Baba yake, mtu mkubwa aliyekaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, alimsubiri huku akiitikia kwa kichwa kumtia moyo. Kisha simu ya kazini ikaita. Aliinama akamfuta machozi.

"Usijali, mama. Utanisomea nikirudi."

Kurudi kwenyewe hakukuwa leo wala kesho.

Jumatatu Bwana Kimya alirejea, jicho moja limefunikwa bandeji. Alizunguka rafu akikagua namba. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa mkali: "Watoto hawa wameivuruga maktaba. Wasiingie tena hadi mwakani."

Chapchap alikuwa nyuma ya mlango, karibu na ile ndoo. Angenyamaza, nani angejua? Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amempongeza. Lakini picha ya yule baba kwenye kiti kidogo haikumtoka.

"Si wao," alisema. "Ni mimi niliyewaambia. Kibogoyo alinikumbusha namba, nikamgombeza."

Mwalimu wa darasa aliondoa marufuku yake. Bwana Kimya hakumfokea Chapchap, na hilo lilimuuma zaidi. Alivuta stuli, akaanza kushusha vitabu, naye Chapchap akashusha pamoja naye. Mapumziko baada ya mapumziko walisoma namba moja moja. Kitabu cha kuku kilipatikana kati ya kamusi mbili, na Chapchap akakipeleka mbio darasa la pili.

Kibogoyo alikipokea, akakigeuza. "Baba ameshaondoka, dada."

"Najua. Nisamehe. Uliniambia ukweli, nikakunyamazisha."

Mtoto alifikiri. "Sasa ukitufundisha tena, nitajuaje kama ni kweli?"

Chapchap alirudi maktaba machozi yanamlengalenga, akamweleza mwalimu wake. Bwana Kimya alikuwa anachomeka kitabu cha mwisho mahali pake.

"Ameuliza vizuri," alisema. "Mwanangu, wewe ulitaka chumba kipendeze, na kilipendeza. Lakini kazi ya kumfundisha mtu mdogo haipimwi kwa kutazamwa. Yeye hana namna ya kukukagua, anakuamini tu, kwa hiyo ukipita njia ya mkato, anayepotea ni yeye. Ijumaa ile hatuwezi kuirudisha, mimi wala wewe. Tunachoweza ni kumfundisha asikutegemee."

"Nitaanzaje, mwalimu?"

"Waambie kwanza kwamba ulikosea. Halafu polepole."

Kesho yake aliwaambia. Wengine walicheka, wengine hawakujali. Kisha akakaa nao sakafuni, akagawa vibao upya, akaanza na namba ya kwanza kwenye rafu ya chini. Walikuwa hawajafika mbali Kibogoyo aliponyoosha mkono.

"Dada, una hakika?"

Zamani angekasirika. Alisogea pembeni akampisha.

"Njoo uisome mwenyewe."