Goti Mlangoni

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa dada yangu na begi la vifaa, nikidhani ni kazi ya kugusa na kuondoka. Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Uchawi siuamini, waya nauamini.

Dada alinisimulia kwa sauti ya chini. Kila giza likiingia, kuna kitu kinaingia chumbani kwake, na mwanawe mchanga huamka na alama za vidole kwenye kifundo cha mguu. Nikamtania kwamba labda ni kunguni walioota mikono. Hakucheka. Aliufunua ule mguu, nikaziona.

Basi nikamfungia kengele. Upande mmoja wa mlango wa chumba niliweka taa ndogo niliyoitoa kwenye rimoti mbovu, ile ambayo mwanga wake macho hayauoni. Upande wa pili, usawa wa goti, jicho la kuupokea. Chochote kikiukata mwanga, kengele inalia mpaka kipite. Nikamwonyesha dada kwa kamera ya simu, maana kamera huuona: kitone cha zambarau kwenye fremu. Akashusha pumzi.

Tukakaa kitandani, mtoto katikati yetu, mlango wazi.

Kengele ikalia.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikalaani waya uliolegea, nikainuka nikaurekebishe. Sijui kwa nini nilitanguliza simu.

Kwenye kioo cha simu, mwanga wa zambarau ulikuwa umeangukia goti.

Nikaishusha simu. Mlango mtupu. Nikaiinua... goti.

Kengele haikunyamaza. Dirisha lina nondo, na njia ya kutokea ni ile moja tu. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, na mvua haikuwa imenyesha. Niliogopa, sifichi.

Halafu kimya.

"Kaka," dada akanong'ona, "kimeondoka?"

Kengele ya mwanga mmoja hukuambia kuna kilichopita. Haikuambii kimeelekea upande gani. Kwa haraka na dharau zangu, nilikuwa nimefunga mmoja.

Mtoto, aliyeamshwa na kengele, aliacha kulia. Macho yake yalikuwa yanafuata kitu taratibu, kutoka mlangoni mpaka nyuma ya mgongo wangu.

Kulipokucha niliwahamishia kwangu, kwenye chumba changu kimoja. Safari hii nikafunga mianga miwili mlangoni: wa nje kengele yake ya sauti nzito, wa ndani ya sauti nyembamba. Tukiingia, hulia nzito, kisha nyembamba. Tukitoka, nyembamba hutangulia. Nilijisifu kwamba sasa hakuna cha kunidanganya.

Jioni ile ile, sote watatu tukiwa ndani, ikalia nzito.

Kisha nyembamba.

Tangu hapo hakuna jioni iliyopita bila hiyo. Dada hataki tuhame tena, anasema tutaondoka navyo. Hulala amemkumbatia mwanawe, miguu ya mtoto ameiviringisha ndani ya kanga, na kabla ya kufumba macho huniuliza kama kuna kilichotoka.

Namwambia alale. Ukweli ni kwamba nyembamba haijawahi kutangulia, isipokuwa tunapotoka sisi. Kila jioni kinaingia kimoja, na chumba changu ni kidogo.