Mafuta ya Baba Kwenye Mnyororo

Kila asubuhi, jua likiwa bado linajikuna, Radi Mdogo aliingia bandani kukusanya mayai. Kuku wake walimpigia kelele kama madalali, jogoo akamdonoa kidole, naye hakusema hata "ah". Alifunga kila yai kwa gazeti, akayapanga kwenye mkoba uliotandikwa matambara, akauvaa mgongoni na kuitoa baiskeli sebuleni. Wateja wake walikuwa upande wa pili wa kilima, na shule ilikuwa huko huko.

Baiskeli yenyewe haikutengenezwa kwa kubeba mayai. Ilikuwa ya mashindano, yenye matairi membamba, usukani uliopinda kama pembe za kondoo na kiti kigumu kama jibu la bahili. Ilikuwa ya baba yake, ambaye mji mzima ulimwita Radi. Watu husema alipokata kona, kivuli chake kilibaki nyuma kikiuliza njia. Binti alirithi baiskeli na jina. Kasi ilikataa kurithiwa.

Mwaka ulikuwa umepita tangu baba huyo afariki kwa ugonjwa wa moyo. Radi Mdogo hakulia msibani, wala baada ya hapo. Wengine walimsifu kwa ujasiri, lakini haukuwa ujasiri. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ila ukiufinya hausemi kitu.

Asubuhi hiyo, katikati ya kilima, mnyororo uliruka. Pedali ikakosa nguvu, mguu ukapiga hewa, na msichana akaanguka chali juu ya mkoba wake. Ute wa mayai ulipenya kwenye sare, ukateremka hadi soksini. Alikaa kando ya barabara akiutazama kama unavyotazama mvua ya mtaa mwingine.

"Radi imepiga, mayai yamekaangika," mwanafunzi mmoja alisema, na wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Yeye aliokota mayai mawili yaliyopona, akasukuma baiskeli.

Baada ya shule alikwenda kwa Fundi Chumvi. Jina hilo fundi alipewa kwa haki, maana hakuna habari iliyopita mdomoni mwake bila kutiwa chumvi. Alimweleza kwamba gia zake saba za nyuma ni za kizamani, siku hizi kuna za kumi na moja. Mteja wake mmoja, alisema, alifungiwa hizo akafika nyumbani kabla yake mwenyewe, ikabidi asimame mlangoni ajisubiri aje na ufunguo.

Huku akisimulia, fundi alichukua kitambaa akainama kufuta mnyororo. Msichana akavuta baiskeli upesi.

"Usiguse hapo, Fundi."

Kitambaa kikabaki hewani. "Daktari gani anamtibu mgonjwa asiyetaka kuguswa?"

Msichana aliuliza bei. Fundi akaitaja, na safari hii bila chumvi: gia mpya, mnyororo mpya, hata gurudumu la nyuma lingebadilishwa, maana la zamani lisingezipokea. Radi Mdogo alipiga hesabu kimya kimya. Ingebidi auze kuku wote, na banda juu yake. Akasema sawa, atalipa kwa kuku wake, ila vyuma vya zamani atavichukua kama vilivyo, avitie kwenye boksi. Fundi alimtazama, akautazama ule mnyororo uliogandamana na uchafu mweusi kama sukari iliyoungua. Akamwambia akamuulize mama yake kwanza. Kuku wa mtoto hawezi kuwapokea bila neno la mkubwa.

Mama yake alikuwa dobi. Alimsikiliza bila kuacha kupiga pasi.

"Uuze kuku, upate gia za kubebea mayai," alisema mwishowe. "Mayai ya nani, mwanangu? Utataga wewe?"

Tabasamu lilimjia msichana, likaishia njiani.

"Kwa nini fundi asianze kwa kuzisafisha hizo ulizo nazo?"

Pasi ilikwenda ikarudi.

"Hayo mafuta alitia Baba," Radi Mdogo alisema.

Polepole akaeleza. Jioni kabla ya kupelekwa hospitali, baba alikaa kizingitini akitia mafuta ya kopo kwenye mnyororo tone kwa tone, huku akizungusha pedali kwa mkono. Tangu siku ile hakuna aliyeugusa. Akinunua gia mpya, za zamani zitakaa kwenye boksi, na mafuta yake yatabaki.

Mama aliisimamisha pasi. Akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na shati la buluu ambalo baba alilivaa mashindanoni. Harufu ya ukungu ikajaa chumba. Madoa meusi yalikuwa yametapakaa kwapani, na mama alipojaribu kulikunjua, kitambaa kikachanika.

"Nafua mashuka ya mji mzima," alisema, "shati moja la mume wangu likanishinda. Nilitaka libaki na harufu yake. Harufu iliondoka zamani, mwanangu. Kilichobaki ni ukungu, na ukungu haumjui baba yako."

Walitoka nje na beseni, mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Mama alishika baiskeli, binti akasugua. Uchafu ulidondoka vipande vipande, pamoja na nyasi na mchanga wa mwaka mzima. Mafuta ya taa yakamwingia pale jogoo alipomdonoa.

"Inawasha," alisema kwa mshangao. "Kidole kinawasha."

Mama alimtazama kitambo, akampa kitambaa.

Kisha mama akainua gurudumu la nyuma, binti akazungusha pedali kwa mkono na kusukuma kishikio cha gia. Mnyororo ukapanda wenyewe hadi kwenye gia kubwa kuliko zote, ile nyepesi ya kupandia kilima. Mwaka mzima gia hiyo ilikuwepo, ila uchafu uliizuia.

Kesho yake walikwenda kwa Fundi Chumvi. Akakagua, safari hii akiruhusiwa kugusa. Mnyororo ulikuwa umechakaa na waya wa gia umeshika kutu, lakini meno ya gia bado yalikuwa mazima. Alibadilisha hivyo viwili, kwa malipo ya trei chache za mayai. Akakiri kwamba hata gia kumi na moja, zikiachwa na uchafu ule, zingeruka vilevile. Ila akaapa kwamba mnyororo huo mpya umewahi kumvuta ng'ombe kisimani.

Njiani kurudi, mama alisema: "Kabla ya kununua kipya, safisha ulicho nacho, ndipo utajua kinachokosekana. Na kitu cha mtu uliyempenda hakitunzwi kwa kufichwa. Kifanyie kazi aliyokuwa anakifanyia yeye."

Jumatatu mayai yote yalivuka kilima salama. Jioni Radi Mdogo akakaa kizingitini na kopo lile lile la baba, akatia mafuta tone kwa tone, akizungusha pedali kwa mkono. Halafu mkono ukasimama, mabega yakaanza kutikisika.

Ndani, mama alisikia kilio. Akazima redio, akakaa karibu na mlango, akamwacha amalize.