Shimo la Maruku

Rafiki yangu Joviana, mchora ramani wa Bilele, siku hiyo alifura kwa hasira. Wilbert, mwenzake wa Muleba, alimtumia faili la miinuko ya ardhi, vipimo vya rada ya setilaiti, katika muundo ambao programu yake haisomi. Akaubadilisha mwenyewe huku akisonya. Faili likafunguka. Kwenye kibanja cha mama yake, kijijini Maruku, katikati ya migomba walikozikwa wazee, palikuwa na shimo.

“Wilbert, umeniharibia data,” alifoka kwenye simu.

Akalibadilisha faili upya. Safari hii shimo lilikuwa limefika mlangoni mwa nyumba ya mama yake. Akampigia, bado anafoka.

“Mama, nani anachimba hapo?”

“Simwoni mtu, mwanangu. Jembe nalisikia tangu asubuhi. Sasa liko chini ya kitanda.”