Kidonge cha Kaka

Fundi wa makochi alifanyia kazi barazani kwake. Alivuta kitambaa, akagonga misumari midogo, akavuta tena. Kila asubuhi, baada ya kula, alimeza kidonge kimoja. Alikuwa na saratani ya damu. Kidonge kile kilikuwa kimeituliza, naye alifanya kazi kama watu wengine.

Siku moja dada yake alikuja. Alikuwa msusi, na kila akija humtania: "Kaka, kwa upara huo mimi nitakufa njaa." Siku hiyo hakutania. Alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akashika titi lake la kushoto.

"Kuna uvimbe," alisema kwa sauti ya chini. "Mgumu kama kokwa. Hauumi."

"Umekwenda hospitali?"

"Watanikata. Naogopa, kaka. Wewe una saratani na hukukatwa. Nigawie vidonge vyako."

Fundi alimpenda dada yake. Wakakubaliana: leo wewe, kesho mimi. Mkewe hakuambiwa.

Majuma yakapita. Uvimbe haukupungua. Ngozi juu yake ilianza kuvutika kwa ndani. Fundi naye alichoka mapema. Jasho lilimlowesha usingizini. Michubuko ilitokea mapajani bila kugongwa. Alijua maana yake. Alivaa suruali ndefu hata kwenye joto, mkewe asione.

Ikafika siku ya kliniki, mkewe akamsindikiza. Muuguzi alisoma majibu ya damu, akayarudia.

"Baba, seli za ugonjwa zimeongezeka. Unameza kidonge kila siku?"

"Kila siku."

Mkewe alimgeukia. "Mbona siku hizi unavaa suruali ndefu kwenye joto hili, mume wangu?"

Fundi alipandisha suruali, michubuko ikaonekana. Kisha akasema yote.

Muuguzi hakumfokea. Alivuta kiti karibu.

"Saratani si ugonjwa mmoja," alisema. "Watafiti walichunguza saratani kama yako. Wakakuta kitu kimoja kinachoziamuru seli zizaliane ovyo. Wakatengeneza dawa ya kukizuia kitu hicho. Ndiyo maana inaitwa dawa lengwa. Uvimbe wa dada yako ni jambo jingine. Dawa yako haina cha kushika pale."

"Kwa hiyo nilimpa bure?"

"Bure ingekuwa nafuu. Dawa yenyewe ingeweza kumdhuru, na muda umempotea. Wewe pia, ukirukaruka siku, saratani inaweza kuizoea dawa."

Fundi aliinamisha kichwa. "Tufanye nini?"

"Wewe rudi kwenye kidonge chako kila siku. Dada yako mlete leo. Tutachukua kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano. Maabara itasema kama ni saratani, na ni ya aina gani. Tukiwa na bahati, seli zake zitakuwa na alama, yaani kitu ambacho dawa lengwa inaweza kukishika. Si zote zinayo."

Mke wa fundi ndiye aliyemfuata wifi yake saluni. "Vaa viatu, twende," alimwambia. "Kulia utalia njiani."

Kungoja majibu kulikuwa kugumu kuliko sindano. Msusi alikosea mistari kwenye vichwa vya watu. Fundi alimeza kidonge chake bila kujua kama bado kinamsaidia.

Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani. Lakini uvimbe ulikuwa na alama, na dawa yake ilikuwepo. Dada akaanza kutundikiwa dripu ya dawa hiyo, pamoja na dawa nyingine. Upasuaji ungefuata baadaye.

Miezi ilipita. Seli za ugonjwa zikapungua katika damu ya fundi. Daktari alipompima dada, uvimbe ulikuwa umenywea, ukabaki kama punje ya kunde.

Siku hiyo fundi alimkuta dada yake kwenye benchi la wodi, akisubiri dripu.

"Bado naogopa," dada alisema.

"Hata mimi."

"Basi tuogope huku tunatibiwa."

Akasogeza mkoba wake, kaka akakaa.