Mfupa Usiotulia

Fundi cherehani aliyeitwa Mama Pindo hakupenda nguo ya mtu ilale kwake. Jioni ile, jua likizama, akaitupia begani suruali nyeusi ambayo mwenyewe hakuwa amekuja kuichukua tangu mwaka jana, akashika magongo yake. Karatasi iliyobanwa kwa pini kiunoni mwa suruali ilieleza nyumba: mlango wa bluu, nyuma ya mashine ya kusaga.

"Dada, daktari alisema usikanyage," mdogo wake alimkumbusha.

"Sikanyagi. Mguu utaning'inia, magongo yatafanya kazi."

Kifundo cha chuma alichowekewa kwanza mguuni kililegea. Madaktari wakakitoa, wakaziba pengo kwa mfupa wa marehemu fulani, wakaukaza kwa skrubu. Mfupa ukishika, kifundo hakitakunjika tena, lakini atatembea. Usiposhika, mguu unakatwa. Na ulikuwa haujashika. Kila magharibi ulicheza ndani kwa ndani, tk... tk... kama mtu anayegonga meza akisubiri kuondoka. Mama Pindo aliogopa hata kulala.

Kwenye kona ya mashine ya kusaga, mguu ukashuka.

Hakuushusha yeye.

Ukakanyaga. Ukapiga hatua ndefu kuliko zake, naye akaburutwa na magongo yake, jasho likimtoka. Harufu ya unga... kisha harufu ya dawa ya hospitali. Mlango wa bluu ulikuwa wazi.

"Umechelewa, mwanangu," bibi kizee alinong'ona kutoka ndani.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni fundi, nimeleta suruali ya..."

"Marahaba. Sisemi na wewe."

Bibi aliinama, akaushika mguu. Suruali hakuitazama. "Huyu tangu utoto ni mguu na njia. Hata kufa, alifia barabarani, kabla ya kuifuata suruali yake."

"Bibi, huu mguu ni wangu. Nisaidie. Watanikata."

"Mguu ni wako. Anayehangaika ndani ni wangu, na husikia la mama yake tu." Akakipapasa kifundo taratibu. "Tulia, baba. Kaa hapo ulipo. Mama amekuona."

Tk... tk...

Kimya.

Mwezi uliofuata daktari aliinua picha ya mfupa dirishani, akatabasamu. Mfupa ulikuwa umeshika. Mama Pindo alirudi kwenye cherehani, akazoea kukanyaga kwa mguu wa kushoto, huku wa kulia ukipumzika juu ya kibao. Wateja walimtania kwamba sasa anashona vizuri kwa mguu mmoja kuliko wenye miwili, naye alicheka nao.

Hadi jioni moja mdogo wake aliporudi na unga.

"Dada, yule bibi wa mlango wa bluu wamemzika leo."

Jua lilikuwa linazama. Chini ya meza, kifundo kisichokunjika kilikunjika.

Tk...

"Tulia, baba," alinong'ona, akiiga sauti ya bibi kadiri alivyoweza. "Mama amekuona."

Mguu ulisita kidogo, kama unaosikiliza. Kisha ukashuka kutoka kwenye kibao, ukageukia mlangoni.